Barua Ndani ya Godoro

Jabali alikuwa fundi wa magodoro na nyapara wa washonaji kiwandani. Kazi yake ilikuwa kufunga midomo. Godoro lilimfikia likiwa limevishwa kitambaa pande zote, isipokuwa upande mmoja, naye akaushona kwa mkono. Sindano yake ilikuwa ndefu kama kiganja na ilipinda kama ndoana. Kwa siku alishona magodoro kumi na mawili, na hakuwahi kujichoma hata mara moja.

Jina la Jabali alipewa na wenzake kiwandani, siku alipobeba marobota mawili kwa mkupuo mmoja. Marobota yale yalikuwa ya sponji, na sponji haizidi uzito wa mto wa mtoto. Lakini jina likishamshika mtu, halichunguzwi tena.

Asubuhi moja meneja aliwakusanya wafanyakazi wote.

"Wiki ijayo wataalamu wa hospitali watakuja hapa kupima afya," alisema. "Watapima homa ya ini na mambo mengine. Ni bure, na ni hiari. Anayetaka aandikishe jina."

Watu walitazamana. Ndipo Jabali akapaza sauti kutoka nyuma.

"Niandike mimi wa kwanza! Wanaume wazima, mnaogopa kupimwa?"

Wote walimpigia makofi. Jina lake likaandikwa juu kabisa. Kisha akauliza, kwa utulivu wa mtu mkubwa, "Wanapima kwa kutumia nini hasa?"

"Damu," alijibu meneja. "Wanachoma sindano mkononi."

Jabali alikaa juu ya robota.

Sindano ya godoro aliishika yeye mwenyewe. Sindano ya hospitali ilishikwa na mtu mwingine. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wote. Tangu utotoni hakuwa ameruhusu ugomvi huo usuluhishwe.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Huyu alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Kinyozi. Walifuatana kuzaliwa, na walifanana sana. Hata mama yao, alipokuwa hai, alimwadhibu mmoja kwa kosa la mwingine, kisha akamwadhibu wa pili ili mambo yawe sawa.

"Mdogo wangu," alisema Jabali, "una damu nyingi?"

Kinyozi alisimamisha mkasi. "Swali gani hilo, kaka? Unataka kunichinja?"

"Nataka vichupa viwili tu. Ukapime kwa jina langu."

Kinyozi alicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri naye akacheka, bila kujua kinachochekesha.

"Jabali mzima! Unaogopa kidude kama mwiba!"

"Siogopi. Sipendi tu."

"Sema unaogopa, nitakwenda."

Jabali alitazama mlangoni. "Naogopa."

"Kwa sauti."

"Wewe mtoto, nitakuzaba kofi!"

"Basi nenda mwenyewe."

"Naogopa!" alipiga kelele Jabali, na mteja akaangusha gazeti.

Siku ya kupima, Kinyozi alivaa ovaroli la kaka yake. Alikuwa amejinyoa sharubu zifanane na za kwenye picha ya kitambulisho. Jabali alijificha ghalani, katikati ya magodoro yaliyosimamishwa, akahesabu pumzi zake. Baada ya nusu saa Kinyozi alirudi na pamba mkononi.

"Wameniuliza kama unakunywa pombe," alisema. "Nimewaambia unakunywa kama samaki."

"Mimi sinywi!"

"Sasa ndugu yangu, ningejuaje wanataka ukweli?"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kicheko katika jambo hili.

Baada ya wiki tatu bahasha zilifika. Jabali alipewa yake, akaenda kuifungua chooni. Juu palikuwa na jina lake, umri wake na maneno "Kundi la damu: B". Chini yake aliandikiwa hivi:

"Vipimo vinaonyesha una virusi vya homa ya ini aina ya B. Pia kiwango cha alama moja ya ini katika damu yako kiko juu kuliko kawaida. Hii haina maana kwamba una saratani. Ina maana kwamba ini lako lichunguzwe zaidi. Tafadhali fika hospitali ndani ya wiki mbili."

Jabali alisoma mara nne. Neno moja tu lilibaki machoni pake, saratani. Kisha akakumbuka kwamba damu ile haikuwa yake. Akamshukuru Mungu. Dakika ileile akakumbuka ilikuwa ya nani, na shukrani ikaishia hapo.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kinyozi. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mdogo wake alimkalisha kitini, akampaka povu na kumwekea wembe mpya shingoni.

"Majibu yametoka?" aliuliza Kinyozi.

Mtu mwenye wembe shingoni hazungumzi sana. Jabali alisema, "Bado." Neno hilo lilikuwa dogo, na aliamini angelirekebisha kesho.

Kesho yake palikuwa na wateja wengi. Keshokutwa Kinyozi alikuwa na furaha, na Jabali hakutaka kumharibia. Wiki iliyofuata alijiambia kwamba barua yenyewe imesema hii haina maana ya saratani. Sentensi hiyo aliikumbuka kila siku. Ile iliyofuata hakuikumbuka. Tena, angefika vipi hospitali bila kueleza udanganyifu? Kiwandani, kumpa mtu mwingine kitambulisho chako lilikuwa kosa la kufukuzwa. Na wenzake wangesema nini? Jabali kumbe kokoto!

Barua ilihitaji mahali pa kukaa. Alifanya kama fundi wa magodoro anavyofanya. Mchana mmoja mke wake alipokwenda sokoni, alifumua pembe ya godoro lao, akaisukuma barua ndani na kushona tena. Mshono ule ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Tangu hapo alilala juu ya barua hiyo.

Miezi ilipita. Kinyozi alianza kuacha chakula nusu. Mkanda wake uliongezwa tundu, kisha tundu la pili. Mchana alifunga duka akalala kwenye kiti cha wateja.

"Kaka, nachoka bila sababu," alisema siku moja. "Na hapa chini ya mbavu pananivuta."

"Ni kusimama kutwa nzima," alijibu Jabali haraka. "Tafuta kigoda."

Akamnunulia kigoda. Kilikuwa kigoda imara sana.

Mwezi wa saba tangu barua ifike, mke wa Jabali alikuwa akitandika kitanda. Alisikia godoro likichakarisha.

"Baba watoto, humu kuna panya," alisema.

"Ni sponji. Ikizeeka inalia."

"Nimeolewa na fundi wa magodoro miaka kumi na mitatu. Sponji hailii."

Jabali alipotoka, mkewe alichukua mkasi. Aliporudi jioni, alimkuta mkewe ameketi sakafuni. Barua ilikuwa mapajani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Miezi saba," alisema mkewe. "Unaumwa miezi saba, na mimi nalala pembeni yako sijui kitu. Nimekukosea nini?"

Hapo palikuwa pa kusema ukweli. Jabali alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa, "Sikutaka kukusumbua."

Mkewe hakubishana. Alimshika mkono kama mtoto na kumvuta mpaka nyumba ya pili. Jirani yao alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali. Watoto wa mtaa walimwita Mama Vichupa, naye aliitika bila kinyongo.

Mama Vichupa alivaa miwani, akaisoma barua taratibu.

"Shoga, atakufa?" aliuliza mke wa Jabali.

"Futa machozi kwanza. Barua hii haijasema anakufa. Ini likiwa na tatizo, linaweza kumwaga kitu fulani ndani ya damu. Sisi tunakipima. Ndiyo hiyo wanayoita alama."

"Kwa hiyo alama ikiwa juu ni saratani?"

"Hapana. Ukiona moshi kwa jirani, utasema nyumba inaungua? Pengine anapika. Pengine anachoma takataka. Lakini huendelei kusuka nywele. Unakwenda kuchungulia. Alama inaweza kupanda kwa sababu ini limevimba tu. Ndiyo maana walimwita apigwe picha ya ini, ile ya ultrasaundi. Haiumi. Wanakupaka kitu cha ubaridi tumboni, basi."

"Na alama ikiwa chini?"

"Hapo tunashukuru, lakini hatulali. Moto mwingine hukaa chini ya majivu. Mtu mwenye virusi hivi aje kila miezi sita, damu na picha pamoja, hata kama anajisikia mzima. Saratani ya ini ikianza haina kelele. Inapoanza kuuma, mara nyingi imeshakua."

Jabali aliukumbuka mkanda wa Kinyozi wenye matundu mawili mapya. Akashika ukingo wa meza.

"Kipimo hicho kinaona saratani zote?" aliuliza mkewe.

"Laiti! Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachokamata zote. Hiki ni cha ini, tena kwa watu walio hatarini." Mama Vichupa alimgeukia Jabali. "Shemeji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeyafichia ndani ya godoro! Kesho uje, nikupime mwenyewe."

Kesho yake Jabali alichomwa sindano. Alizimia kabla haijamgusa, wakamchoma akiwa amelala. Alipozinduka aliona vichupa viwili vyenye vifuniko vya rangi, na ndani yake damu yake mwenyewe. Ilikuwa imechukua dakika moja. Alivitazama kwa muda mrefu. Kwa dakika ile moja alikuwa ameuza miezi saba ya mdogo wake.

Siku ya tatu Mama Vichupa alimwita peke yake. Alifunga mlango wa chumba cha ushauri.

"Damu yako ni safi," alisema. "Alama iko kawaida. Virusi huna, na hujawahi kuwa navyo."

"Alhamdulillahi," alisema Jabali, akasimama aondoke.

"Keti. Virusi mwili unaweza kuvishinda, na bado tungeona nyayo zake. Hatukuziona. Tena barua inasema kundi B. Damu niliyokutoa mimi ni kundi O. Kundi la damu mtu huzaliwa nalo na huzikwa nalo."

"Labda mashine..."

"Nimerudia mara tatu."

Jabali alitazama vidole vyake. Nje ya mlango mtu alikuwa akipiga deki, na ndoo ilisogezwa mara moja, mara mbili.

"Shemeji," alisema Mama Vichupa polepole, "ile ilikuwa damu ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

Hakumfokea. Laiti angemfokea! Alichukua barua, akaweka kidole juu ya tarehe.

"Anajua?"

"Hajui."

"Ulijua wewe, na unamwona kila siku?"

"Kila siku."

Mama Vichupa alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nenda ukamwambie sasa hivi. Usipite nyumbani kwanza. Mwambie aje yeye mwenyewe, na kwa jina lake."

Wazee husema majuto ni mjukuu. Kwa Jabali hayakusubiri azeeke. Yalimfuata barabarani mchana kweupe, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kile kigoda, akimnyoa mteja. Jabali alimpa barua bila salamu. Kinyozi alisoma akiwa ameshika mashine ya kunyolea, nayo ilikuwa bado inanguruma.

"Hii si yako?" aliuliza.

"Jina ni langu. Damu ni yako."

Kinyozi alizima mashine. Alisoma tena tangu juu.

"Siku ile niliposhindwa kumaliza chakula kwako, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na uliponinunulia hiki kigoda?"

Jabali alitikisa kichwa kukubali.

Mteja alianza kuinuka taratibu. "Nitarudi siku nyingine, jamani."

"Kaa," alisema Kinyozi. "Huwezi kutembea mjini na nusu kichwa." Akawasha mashine, akamaliza upande uliobaki. Akampangusa shingo na kumtakia siku njema. Kisha akafunga duka.

Walikwenda hospitali, Kinyozi mbele, kaka yake nyuma.

Kinyozi alipimwa damu. Alama ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu. Akapigwa ultrasaundi, halafu picha nyingine kubwa zaidi. Daktari aliwaita wote wawili, kwa sababu Kinyozi alisema, "Aingie. Asikie mwenyewe."

"Ni saratani ya ini," alisema daktari. "Kuna uvimbe mmoja, kama limau. Haujasambaa. Tunaweza kuukata. Lakini itabidi tuondoe sehemu kubwa ya ini pamoja nao, na operesheni hiyo si mchezo."

"Daktari," alisema Jabali, "miezi saba iliyopita ungekuwaje?"

Daktari alimtazama Kinyozi kwanza. "Siwezi kuapia jambo ambalo sikuliona. Ninachojua ni kwamba uvimbe wa namna hii ukikutwa mdogo, tunakata kidogo, na matumaini huwa makubwa zaidi."

Kinyozi alifanyiwa operesheni. Alikaa hospitali wiki nne. Mara mbili madaktari walimrudisha chumba cha wagonjwa mahututi. Siku hizo Jabali alikaa kwenye benchi la nje, wala hakuna aliyemwita tena kwa jina la Jabali. Shemeji yake Kinyozi, yaani mke wa Jabali, ndiye aliyeingia na uji. Kinyozi aliupokea na kumshukuru.

Siku ya kumi na mbili Kinyozi alikubali kumwona kaka yake.

"Nimekosa, mdogo wangu," alisema Jabali. Alikuwa ameandaa maneno mengi, akayasahau yote. "Nisamehe."

Kinyozi alivuta pumzi kwa shida. "Kubadilishana damu tulifanya wote wawili. Nilicheka kuliko wewe. Hilo halihitaji samahani, ni ujinga wetu." Akavuta shuka kifuani. "Barua ndiyo inayoniuma. Nitakusamehe, kaka. Lakini si leo."

"Sawa."

"Usiseme sawa kama umenielewa haraka hivyo."

Jabali aliinuka akatoka.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa meneja na kueleza kila kitu. Kwa kuwa alijileta mwenyewe, hakufukuzwa; alivuliwa unyapara, akasimamishwa kazi miezi miwili. Aliporudi, meneja alimtaka aseme mbele ya wote. Alisimama palepale alipokuwa ameshangiliwa.

"Mimi ndiye niliyewaita waoga," alisema. "Niliogopa sindano, nikamtuma mdogo wangu. Barua ikaja na majibu yake, nikaishona ndani ya godoro."

Wachache walicheka. Walipomwona uso, wakaacha.

"Kama una barua ya hospitali nyumbani, ifanyie kazi leo. Barua hiyo si hukumu. Inakuita tu. Na kama jina lililo juu yake ni lako, hakikisha na damu ni yako."

Mchana ule watu wanne walikwenda kuuliza njia ya kufika kwenye kliniki ya ini. Mmoja wao alikuwa ameweka barua yake ndani ya kiatu.

Mama Vichupa naye alihakikisha nyumba nzima ya Jabali imepimwa. Hakuna aliyekutwa na virusi. Wote walichanjwa dozi tatu, ili wasivipate.

"Na Kinyozi alivipata wapi?" aliuliza mke wa Jabali.

"Hatujui. Wengi huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, au utotoni, na havionyeshi dalili miaka mingi. Damu ya mtu mwingine kwenye wembe inatosha pia. Kwa hiyo kila mtu na wembe wake. Kula pamoja na kushikana mikono hakuambukizi, basi msimtengee sahani."

Dozi ya kwanza Jabali alizimia. Ya pili alilia machozi kimyakimya, na muuguzi akadhani ni ya sindano. Ya tatu alikunja mkono wa shati mwenyewe.

Sasa Kinyozi anafungua duka asubuhi tu. Anameza dawa ya virusi kila siku. Kila miezi mitatu anarudi hospitali, anapimwa alama ileile, na anapigwa picha. Jabali humsindikiza. Hakuombwa, na hakufukuzwa.

Safari ya mwisho, karani alitoa bahasha dirishani. Jabali, kwa mazoea ya ukubwa, alinyoosha mkono. Kinyozi aliwahi. Aliifungua mwenyewe, akaisoma kwa utulivu mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni na kuanza kutembea.

"Inasemaje?" aliuliza Jabali.

Kinyozi alitembea polepole, mkono mmoja ubavuni. Walipita famasi, wakapita benchi lile, wakapita gari la wagonjwa. Uso wake haukuonyesha kitu. Jabali alimfuata, shati limemlowa mgongoni. Walipofika getini, Kinyozi alisimama.

"Imeshuka," alisema. "Iko kawaida, na picha ni safi."

Jabali alijishika kichwa. "Ah! Mdogo wangu! Sasa kwa nini hukuniambia mapema?"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Ndugu hao walitazamana. Kinyozi alisubiri magari yapungue, akavuka barabara, na baada ya kitambo kaka yake akavuka nyuma yake.